Fomu Isiyotiwa Saini

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa herufi nene ili uisikie huko ulipo.

Huku tupo, hatujambo. Bati la jikoni limeanza tena kuvuja na ndoo imerudi mahali pake. Mama wamempandisha cheo pale kwenye kiwanda cha kufulia: sasa ni mkuu wa chumba cha pasi, ana wanawake tisa chini yake na mashine mbili za mvuke. Amefurahi, ila hataki mtu aseme kwamba amefurahi. Unamjua dada yako. Jirani amejifungua mapacha, kwa hiyo ukuta wetu sasa unalia pande zote. Wewe je? Na hizo pampu zako za maji? Au nazo huzisikii tena?

Sasa Mjomba, kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Nimepata ufadhili. Ni shule ya bweni ya kimataifa, ng'ambo, miaka miwili ya kujiandaa na chuo kikuu, na kila kitu wanalipa wao: ada, malazi, nauli, hadi koti. Wanafunzi wanatoka nchi zaidi ya sabini. Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyepeleka jina langu. Niliandika insha mbili, kisha nikaitwa mbele ya watu watatu waliokaa nyuma ya meza kama mahakama. Mmoja akaniuliza, ukifika kule utawafundisha nini wenzako? Nikasema nitawafundisha kukunja shuka peke yako bila kugusa sakafu. Wakacheka. Basi nikavuta kitambaa cha meza yao nikawaonyesha! Glasi moja ya maji ilimwagika, lakini nilikikunja.

Barua ikaja wiki iliyopita. Nimeisoma mpaka mikunjo imechakaa.

Tatizo ni moja. Kuna fomu ya ridhaa. Itiwe saini na mzazi au mlezi, imfikie mwalimu kabla ya tarehe 30 Aprili, la sivyo nafasi anapewa wa pili. Tangu baba afariki, karatasi zote za shule zinakuandika wewe kuwa mlezi wangu. Naiweka humu ndani. Tia saini, Mjomba wangu.

Mama sijamwambia. Mwaka jana kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu alipoanza tu kuzungumzia shule za nje, mama aliinuka akatoka kabla ya mkutano kuisha. Tulipofika nyumbani alipiga pasi gauni moja kwa saa nzima. Sikuthubutu kuuliza.

Na tafadhali usinitishe na habari za baridi. Najua wewe ulipata nafasi kama hii enzi zenu na baridi ikakurudisha baada ya miezi minne. Ukoo mzima unajua. Mimi nitavaa soksi mbili.

Mpwa wako,
Chiriku


27 Februari

Chiriku,

Marahaba. Nimeisikia, na sikio la kushoto, lile ambalo mashine bado hazijalimaliza.

Barua yako imechelewa kwa sababu lori la dizeli liliharibika njiani na dereva akalala siku tano kwenye karakana. Lisipokuja lori, hakuna barua, hakuna sabuni, hakuna magazeti. Nilikuwa naanza kusoma maandishi ya kwenye makopo ya grisi. Mimi ni mzima. Goti linasumbua kupanda ngazi za tangi. Pampu namba mbili nimeifungua yote na kuifunga tena, na imebaki boliti moja mkononi ambayo sijui imetoka wapi. Pampu inafanya kazi. Simwambii mtu.

Hongera. Naandika tena: hongera sana. Niliisoma ile sehemu ya kitambaa cha meza nikacheka hadi mlinzi akaja kuangalia kama nina akili timamu. Umetutoa kimasomaso, binti.

Fomu ninayo. Ipo mezani, nimeiwekea sahani juu isipeperuke. Sijaitia saini.

Usinune. Mlezi ni wa kwenye karatasi. Mama yako ndiye aliyekesha na surua yako, mimi nilituma tu salamu za pole. Mtoto haondoki nyumbani kwa mlango wa uani. Mwambie mama yako kwanza, halafu uniandikie amesema nini.

Habari za baridi tuziache zilipo.

Wasalimie mapacha.

Mjomba wako


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo hata kama nimenuna.

Huku wazima. Mapacha wamegundua kwamba mmoja akilala mwingine ndio aanze. Mtihani wa majaribio umepita. Hesabu nzuri, historia tusiiongelee. Mama anarudi jioni amechoka, anavua viatu mlangoni na kukaa hapohapo dakika kumi.

Nataka nikusimulie jambo. Ile barua ya ufadhili nilikuwa nikiiweka kwenye mfuko wa sketi ya shule. Jumamosi moja nikajisahau, nikaitumbukiza sketi kwenye kapu la nguo chafu pamoja na barua. Nilipokumbuka, roho ilipaa. Nikakimbia uani: sketi inaning'inia kwenye kamba, inadondosha maji, mfuko mtupu. Nikajua imekwisha, imekuwa uji. Jumapili usiku nafungua kitabu cha jiografia, naikuta barua imelala katikati. Kavu. Na imenyooshwa kwa pasi, Mjomba, mikunjo yote imepotea, utadhani imetoka kuchapwa leo.

Hakusema neno. Mpaka leo hajasema.

Unajua sheria ya kazini kwao. Kitu kikikutwa mfukoni mwa mteja, kiwe pete, kiwe barua ya hawara, kinatiwa kwenye bahasha, kinaandikwa namba, kinarudishwa na mdomo unafungwa. Aliwahi kumfukuza mfanyakazi aliyemuuliza mteja kuhusu picha aliyoikuta. "Cha mfukoni kina mwenyewe," ndivyo anavyosema, na hapa nyumbani tumelelewa hivyohivyo.

Kwa hiyo ameshajua! Wiki nzima ananiangalia tunapokula. Juzi akaniuliza, "Una la kuniambia?" Nikasema sina. Ulimi wenyewe ulisema, si mimi. Akasema haya, akaondoa vyombo.

Basi kama amejua na amenyamaza, maana yake hataki. Angetaka angefurahi, angesema hata neno moja. Tia saini, Mjomba, nakuomba. Zimebaki wiki saba.

Chiriku


30 Machi

Chiriku,

Marahaba, na kununa kwako nimekupokea.

Hapa salama. Mto umejaa na maji yanakuja na matope, kwa hiyo kila asubuhi tunasafisha chujio, mimi na mlinzi, tukiwa tumezama hadi kiunoni. Jana tulikuta humo kiti cha plastiki kizima, hakina hata ufa. Sasa nakikalia nikikuandikia.

Umesoma vitabu vingi, ila mama yako humsomi. Kunyamaza kwake si kukataa. Angekataa ungesikia, hata mimi kiziwi ningesikia huku. Amekurudishia kitu chako kikiwa safi, na anakungoja mwenyewe umletee. Akuulize vipi kilichokuwa mfukoni mwako? Itakuwa amevunja sheria aliyomfukuzia mtu kazi. Alikuuliza kama una la kumwambia. Kwake yeye, hapo ameshapiga magoti. Nawe ukasema huna.

Kwa hiyo mmekaa nyumba moja kama watu wawili mlangoni, pita wewe, hapana pita wewe, na tarehe haiwangoji.

Fomu nairudisha humu. Ni tupu. Sitaitia saini hata ukiniandikia barua mia. Mwambie kabla ya kula, si baada, na useme moja kwa moja. Usianze na habari za mapacha.

Akisema lolote kunihusu, niandikie.

Mjomba wako


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Nimemwambia. Jumapili, alikuwa anapiga pasi sare zangu. Niliweka barua na fomu juu ya meza ya pasi, pembeni, nikasema, "Mama, nimepata nafasi ya kusoma nje, na nimekuficha, naomba unisamehe." Maneno yote kwa pumzi moja.

Hakushangaa. Aliisimamisha pasi. Akasema, "Nilidhani utaniambia ukiwa umeshapanda ndege." Kisha akanikumbatia, Mjomba, akanibana mpaka kifungo cha shingoni kikakatika. Akaniambia baba angelia. Akaniuliza habari za usaili, nikamwonyesha jinsi nilivyokikunja kitambaa, akasema pembe ya kushoto niliikosea.

Nikadhani yamekwisha. Nikampa kalamu.

Akaitazama. Akairudisha. "Sitii saini," akasema. Hakukasirika, hilo ndilo linaloniumiza. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Mkono wangu haufai kwa karatasi kama hiyo. Muulize mjomba wako." Nikasema mjomba naye amekataa! Akatikisa kichwa, akasema, "Mjomba wako ni mtu mwema kupita kiasi," akaendelea na sare.

Mnanichezesha nini nyie wawili? Kama ni ile baridi, mimi siiogopi. Kama ni kitu kingine, niambieni, mimi si mtoto. Mwalimu ameniuliza leo mbele ya darasa fomu iko wapi. Nikamwambia inakuja. Msichana wa pili kwenye orodha anakaa dawati la nyuma yangu, na nilimsikia akihema.

Zimebaki siku kumi na sita. Nafasi hii nikiikosa kwa sababu yangu, nitakubali. Lakini nikiikosa kwa sababu ya jambo msilotaka kusema, sijui nitawatazamaje.

Chiriku


19 Aprili

Mpwa wangu,

Barua hii anakuletea mhandisi aliyekuja kukagua mita. Ana gari lenye kasi na hana subira. Ananingoja nje na injini inawaka, kwa hiyo salamu nafupisha: mimi mzima, nanyi muwe wazima.

Unachouliza si changu kukisema. Nimekishikia ulimi miaka thelathini na mmoja na siwezi kukitapika leo kwa sababu mhandisi ana haraka. Ni cha mama yako. Ila kuna neno ambalo ni langu, na ningelisema zamani. Mpelekee kama lilivyo, usiongeze chumvi:

"Nilijua tangu siku ile ile, nilipofika getini."

Basi. Msomee, halafu umpe kalamu tena.

Mjomba


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Tatu, moja kwa kila kitu nisichokijua juu yako.

Nilimsomea Jumamosi. Alikuwa anatoa nguo kwenye kapu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa palepale juu ya kapu la nguo, akajifunika uso kwa taulo. Nikaogopa. Nilipomwondolea taulo alikuwa analia na kucheka, hata hajui lipi lianze.

Amenisimulia yote. Kwamba ulipokwenda shule ile yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mama yenu ameshatangulia mbele ya haki, amebaki na babu peke yake kwenye nyumba ile, na babu si mtu wa maneno. Kwamba siku moja babu alishikwa na tumbo, siku tatu tu, na yeye akachukua karatasi akakuandikia: baba yuko kitandani, anakata roho, anakutaja, rudi. Babu alikuwa hakutaji. Babu alikuwa anaomba uji.

Amesema ulipofika babu alikuwa juu ya paa anapigilia bati, misumari mdomoni. Yeye akakukimbilia akakuambia baba amepona jana. Akangoja umuulize. Hukuuliza. Ulimwambia, "Hata hivyo nilikuwa nimechoka na baridi." Na watu walipouliza ukawaambia hivyohivyo, na babu ukamwambia hivyohivyo, na shule ikampa mtu mwingine nafasi yako, nawe ukaenda kwenye pampu.

Miaka yote hiyo alidhani umeamini. Alikuwa akiona barua zako anaingia uani kuzisomea, akihofia siku utakayojua.

Na mimi nilikutania soksi! Mjomba, naona aibu mpaka kwenye kucha.

Nikamuuliza, sasa mama, kwa nini hutaki kusaini? Akasema, "Kwa sababu najijua. Nilikuwa na upweke nikamwangusha kaka yangu. Wewe ukiondoka nyumba hii itakuwa kimya kuliko ile. Siku upweke ukinizidi nitaandika tena." Nikamwambia hutaandika. Akasema, "Niliwahi kujiambia hivyo hivyo."

Halafu akaichukua fomu, akaifuta meza kwanza kwa kitambaa, akatia saini. Ila ameweka sharti, na sharti ni juu yako: habari zozote za ugonjwa, za shida, za msiba nyumbani hapa, hatazitoa yeye. Utazitoa wewe. Amesema, "Mjomba wako akikuambia rudi, rudi. Mimi nikikuambia, usinisikilize." Nimekubali. Wewe je?

Tumempelekea mwalimu fomu jana, mimi na mama, yeye akiwa na koti la kazini. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili.

Chiriku wako


16 Mei

Chiriku,

Marahaba mara tatu.

Mto umepungua, kiti kimevunjika mguu, goti lile lile.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha pampu, ambako hata mtu akilia hasikiki. Nililia kidogo. Sioni haya kukuambia.

Mwambie mama yako nilimkasirikia miaka kama mitatu, na sikumwambia. Halafu hasira ikaisha, na hilo nalo sikumwambia. La pili ndilo kosa langu. Alikuwa mtoto. Nilipomwona pale getini alivyokonda, na alivyonishika shati asiniachie, ningemuuliza nini? Nikaona heri baridi ibebe lawama, baridi haina moyo. Sikufikiri kwamba kumwachia mtu siri yake peke yake nako ni kumtwisha.

Na usinifanye shujaa. Zipo siku namwaga grisi na kutukana nikiwaza ningekuwa nani. Nyingine sikumbuki kabisa. Maji yanapanda tangini, watu wanaoga, basi.

Sharti nimelikubali. Nitakuambia kweli, yote, nisipunguze. Usije ukalalamika kwamba sina huruma.

Safari njema itakapofika. Nunua soksi tatu.

Mjomba wako


3 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo kutoka ng'ambo. Kwanza, baridi. Uliisingizia, lakini ipo! Nimevaa kila kitu nilichonacho na bado meno yanapigana.

Tunalala wanne chumbani. Mmoja anasali kila alfajiri kwa lugha ambayo nimeanza kuiota. Mmoja anacheka kwa kila kitu, hata kengele. Wa tatu analia bafuni akidhani maji yanamficha, nami nimeanza kumwekea chai mlangoni. Masomo magumu. Jaribio la kwanza la fizikia nilipata alama ya chini ambayo kwetu ningezomewa, la pili nikapata ya katikati. Wanatufundisha kubishana na mwalimu. Bado naangalia kushoto na kulia kabla ya kunyanyua mkono.

Nimeshaipenda shule hii, Mjomba. Nakuambia ili ujue ninachokisema sasa sikisemi kwa kutafuta sababu ya kukimbia.

Barua mbili za mwisho za mama si mwandiko wake. Ni mwandiko wa yule msaidizi wake wa chumba cha pasi, namjua kwa zile herufi zake za mviringo. Mama anasema amechoka tu mkono na kazi. Mama hachoki mkono. Kisha anasema hajambo mara nne katika ukurasa mmoja.

Nimemwendea mlezi wa bweni. Ni mama mpole. Amesema nikiondoka katikati ya muhula nikakaa zaidi ya wiki tatu, nafasi yangu ya mwakani itabidi kamati iijadili upya, na hawezi kuniahidi kitu. Nikamwambia nimeelewa. Sanduku nimeshaliteremsha kutoka juu ya kabati. Lipo kitandani, wazi.

Ulikubali sharti. Nitapanga nguo au sitapanga, nangoja wewe tu. Kuna nini nyumbani?

Chiriku


24 Oktoba

Chiriku,

Marahaba. Naandika nikiwa nyumbani kwenu, kwenye meza ya pasi. Barua hii nimelipia iende kwa haraka.

Sikiliza, nakwenda kwa mpangilio. Tarehe 7 Septemba, saa nne asubuhi, mpira wa mvuke wa mashine ya pili ulipasuka kwenye kiungo. Mama yako alikuwa amesimama karibu nao. Mkono wa kulia uliungua kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko. Uso haukuguswa. Macho mazima. Alilala hospitali siku kumi na moja. Daktari nimekwenda kumwona mwenyewe, nikamwambia apige kelele, akapiga. Amesema ngozi inashika vizuri. Vidole viwili, cha mwisho na kinachofuata, huenda visinyooke tena. Pasi kubwa hataishika tena, hilo amesema bila huenda. Kazini wamempeleka dirishani, kupokea nguo na kuandika namba, ataanza mkono ukipona. Amenuna kwa hilo kuliko kwa kuungua. Maumivu yapo, hasa akigeuka kitandani. Anakula. Homa hana. Kufa hafi. Naliandika hilo wazi kwa sababu najua ndilo unalolitafuta humu.

Kwa nini sikukuandikia Septemba? Sikujua. Alinificha hata mimi, dada yangu huyu. Dereva wa lori ndiye aliyelisikia sokoni akaniletea. Nilipofika mlangoni nikamwambia, "Safari hii yupo mgonjwa wa kweli na hukuniita?" Akacheka, akalia, nami vilevile. Tumezeeka kwa mambo ya kitoto.

Nimechukua likizo yangu yote niliyoilimbikiza, nipo hapa mpaka mwisho wa Desemba. Nafua, vibaya. Napika, vibaya zaidi. Jirani ananionea huruma, ananiletea vyombo vilivyofunikwa. Mapacha wananiogopa kwa sauti yangu. Bati la jikoni nimelitengeneza.

Sasa kuhusu sanduku. Nimefikiri siku mbili. Mimi zamani niliambiwa uongo nikarudi, kwa hiyo sikuchagua, nilivutwa. Wewe unayo kweli yote mkononi, sijapunguza wala sijaongeza. Ukirudi, hakuna atakayekufungia mlango, na hakuna atakayesema ni baridi. Ukibaki, mama yako yuko na mtu. Ukiniuliza mimi mjomba wako: lirudishe sanduku juu ya kabati.

Mama yako yuko hapa mbele yangu. Nimemsomea haya yote, kwa sauti, majirani nao wamesikia. Amenisahihisha sehemu moja: hospitali ni siku kumi, si kumi na moja. Nikamwambia nimehesabu. Akasema aliyelala ni yeye. Basi ziwe kumi.

Amesema niandike kwamba akiuona uso wako mlangoni hapa kabla ya kufunga shule, atakuchapa kwa mkono wa kushoto, na huo wa kushoto ameanza kuuzoea.

Nimemuuliza kama kuna lingine. Akasema hakuna. Nikangoja. Akauangalia ule mkono uliofungwa bandeji, akauangalia mlango. Kisha akanisogelea upande wa sikio langu la kushoto, akasema, "Kaka, andika kwamba nimemkumbuka. Nimemkumbuka sana, nyumba imekuwa kubwa. Andika hivyo, halafu andika abaki."

Nimeandika.

Mjomba wako